Melrose: Klabu ya raga ya ridhaa iliyookolewa na wachezaji saba

KLABU ya raga ya Melrose, kusini mwa Uskoti, ilianzishwa mwaka wa 1877 katika mji ambao hata leo wakazi wake wanazidi 2,000 kwa idadi ndogo tu. Ni klabu ya wanachama. Kwa miaka 118 ya kwanza ya uhai wake, hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kupokea malipo kwa kuvaa jezi yake ya manjano na nyeusi. Wachezaji walikuwa wachinjaji, wakulima, walimu na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, nao walirejea kazini Jumatatu wakiwa na majeraha ya Jumamosi.

Hata hivyo, jina la mji huo limeingia katika kumbukumbu za michezo ya Kenya. Kombe ambalo wanaume walianza kulishindania mwaka wa 1993 katika Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kila upande huitwa Kombe la Melrose. Timu ya taifa ya Kenya, Shujaa, imelikaribia mara mbili na kuambulia patupu: mjini Dubai mwaka wa 2009 na jijini Moscow mwaka wa 2013, mara zote ikiondolewa katika nusu fainali. Heshima ya kombe hilo kubeba jina la kijiji kilichokua kikawa mji inatokana na uamuzi mmoja wa mwaka wa 1883, uliochukuliwa kwa sababu klabu ilikuwa imeishiwa na fedha.

MJI WENYEWE

Melrose umejengwa kando ya mto Tweed, chini ya vilima vitatu vya Eildon, umbali wa takriban kilomita 60 kutoka Edinburgh. Watalii huenda huko kutazama magofu ya abasia ya watawa iliyoanzishwa mwaka wa 1136, ambako inaaminika kwamba moyo wa Mfalme Robert the Bruce ulizikwa. Uwanja wa klabu, Greenyards, uko mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka magofu hayo. Mtu aliyeketi jukwaani huona mnara wa kanisa la mji upande mmoja na vilima upande wa pili.

Eneo hilo, linaloitwa Borders kwa kuwa limepakana na Uingereza, ni la miji midogo iliyokaribiana: Galashiels, Selkirk, Hawick, Jedburgh, Kelso, Langholm. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya miji hiyo iliishi kwa kufuma sufu ya kondoo wa vilimani. Kila mji una sherehe zake za kila mwaka, nyimbo zake na namna yake ya kuudhihaki mji jirani. Raga ilipofika ilikuta uhasama huo umekwisha komaa, ikaupa uwanja na mwamuzi.

Hapo ndipo eneo la Borders lilipotofautiana na sehemu nyingine za Uskoti. Huko Edinburgh na Glasgow, raga ilikuwa mchezo wa wanafunzi wa zamani wa shule za wenye nacho. Ndio waliotawala mechi ya kwanza ya kimataifa, Uskoti dhidi ya Uingereza, iliyochezwa Edinburgh tarehe 27 Machi, 1871, na ndio walioasisi chama cha raga cha Uskoti mwaka wa 1873. Kusini, wachezaji walikuwa watu wa mikono, na watazamaji walikuwa mji mzima. Tofauti hiyo haikuwa ya heshima pekee. Klabu ya wanafunzi wa zamani ingeweza kutegemea mifuko ya wanachama wake na uwanja wa shule, ilhali klabu ya mji wa wafumaji ilitegemea kiingilio cha mlangoni.

MILINGOTI YA GALASHIELS

Mwanzoni watu wa Melrose hawakuwa na klabu yao. Walicheza pamoja na majirani wa Galashiels, mji mkubwa zaidi ulioko kilomita sita hivi upande wa magharibi, ambako klabu ya Gala ilizaliwa mwaka wa 1875. Ushirikiano huo haukudumu. Mwaka wa 1877 watu wa Melrose walijitenga, na masimulizi ya mji yanadai kwamba hawakuondoka mikono mitupu: waliing'oa milingoti ya goli usiku na kuisimika Greenyards kabla ya wenzao kuamka. Ikiwa ni kweli au ni chumvi, hadithi hiyo imekuwa ikisimuliwa kwa furaha upande mmoja na kwa uchungu upande wa pili kwa zaidi ya karne moja, na mechi ya Melrose na Gala haijawahi kuwa mechi ya kawaida tangu wakati huo.

Baada ya miaka sita klabu hiyo changa ilikuwa taabani kifedha. Mechi za kawaida hazikuleta cha kutosha. Ilipendekezwa kuandaliwa siku ya michezo ambayo ingevutia watu wa miji ya jirani. Aliyetoa wazo la kuifanya raga kuwa kivutio kikuu cha siku hiyo, kwa jinsi historia inavyomtambua, ni Ned Haig.

Haig alizaliwa Jedburgh mwaka wa 1858 na kuhamia Melrose, ambako alijifunza kazi ya uchinjaji katika bucha ya David Sanderson. Mwajiri na mwajiriwa hao wawili walikuwa pia wachezaji wenza katika timu ya Melrose, na wapo wanaompa Sanderson sehemu ya sifa za uvumbuzi huo. Shida waliyokabiliana nayo ilikuwa ya hesabu tu. Mashindano ya timu kadhaa hayawezi kumalizika kwa alasiri moja ikiwa kila timu ina wachezaji 15 na kila mechi inachukua muda wake wote. Haig alipendekeza timu zipunguzwe hadi wachezaji saba: mmoja wa nyuma kabisa, wawili wa kuunganisha, na mafowadi wanne. Muda wa mechi ukawekwa dakika 15.

Jambo ambalo halikupunguzwa ni uwanja. Watu 14 waliachiwa nafasi iliyokuwa ya watu 30, na uamuzi huo wa kibajeti ukazaa mchezo mwingine kabisa. Ukuta wa mafowadi uliokuwa ukizuia kila njia ulitoweka. Mchezaji aliyempita mpinzani mmoja hakukuta wa pili wala wa tatu nyuma yake, bali nyasi tupu hadi mstarini. Uzito ukapoteza sehemu kubwa ya thamani yake, mbio na pumzi zikapanda bei.

TAREHE 28 APRILI, 1883

Siku ya michezo ilifanyika Jumamosi, tarehe 28 Aprili, 1883. Wanawake wa mji walitoa kikombe kwa ajili ya mshindi, na mashindano ya Melrose yanaheshimu zawadi hiyo hadi leo. Ratiba haikuwa ya raga pekee: kulikuwa na mbio za miguu, mashindano ya kupiga mpira kwa mguu na mbio za kukokota mpira. Reli ilipanga treni maalumu kutoka Galashiels na Hawick. Takriban tiketi 1,600 zilikusanywa katika stesheni ya Melrose siku hiyo, zikiwemo 862 za watu waliotoka Galashiels na 509 za waliotoka Hawick. Kwa mji wa ukubwa huo, umati huo ulikuwa kama mji wa pili kuhamia ndani ya ule wa kwanza.

Fainali iliwakutanisha waliofaa kukutana: Melrose na Gala. Dakika 15 zilipokwisha hakuna aliyemtangulia mwenzake. Sanderson, aliyekuwa nahodha wa Melrose, alipendekeza waongezewe dakika nyingine 15. Zilipopita kumi hivi, Melrose walifunga trai. Hapo wakafanya jambo ambalo Gala hawakulisahau: walitoka uwanjani bila kupiga mkwaju wa kuongeza pointi na bila kumaliza muda uliosalia, wakadai kikombe ni chao. Gala walilalamika kwamba mechi haijaisha. Kikombe kilikabidhiwa Melrose.

Malalamiko hayo yanastahili kutazamwa kwa haki. Kwa sheria za sasa za raga ya wachezaji saba, timu inayotangulia kupata pointi katika muda wa ziada ndiyo mshindi na mechi hukoma papo hapo, hivyo Melrose wangekuwa sahihi. Kwa makubaliano ya alasiri ile, Gala walikuwa na hoja. Inaelekea kanuni hiyo inayokatisha roho za mashabiki duniani kote ilianza kama ubishi wa majirani wawili waliokuwa na kesi ya milingoti.

Mapato ya siku hiyo yaliinusuru klabu, na majirani hawakuchelewa kuiga. Gala waliandaa mashindano yao mwaka wa 1884 na Hawick mwaka wa 1885, kisha miji mingine ikafuata mmoja baada ya mwingine, hadi wiki za mwisho za msimu zikageuka kuwa mfululizo wa Jumamosi za raga ya wachezaji saba. Klabu zilizokosa fedha ziligundua kwamba alasiri moja ingeweza kulipia sehemu kubwa ya gharama za mwaka. Haig mwenyewe hakutajirika kutokana na wazo lake. Alifariki mwaka wa 1939 na kuzikwa Melrose. Mwaka wa 2008 yeye na klabu yake waliingizwa pamoja katika orodha ya waliotukuka ya shirikisho la kimataifa la raga.

KUCHEZA BILA MALIPO

Ni vigumu kwa msomaji wa leo kufahamu uzito wa neno ridhaa katika raga ya zamani. Mwaka wa 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana Huddersfield na kujitenga na chama cha raga kwa sababu zilitaka kuwafidia wachezaji wao, wengi wakiwa wachimba migodi na wafanyakazi wa viwandani, ujira waliopoteza kwa kuacha kazi Jumamosi. Kutokana na mgawanyiko huo ulizaliwa mchezo wa wachezaji 13 kila upande, ambao uliruhusu malipo. Aliyevuka kwenda huko alifungiwa mlango wa nyumbani maisha yake yote. Hakuruhusiwa kucheza tena raga ya wachezaji 15 wala kuifundisha.

Miji ya Borders ilikuwa na wachezaji wa tabaka lile lile, na ilikuwa karibu na mpaka. Klabu za kulipwa zilituma watu wao huko mara kwa mara, wakiwa na fedha mkononi. Dave Valentine wa Hawick, aliyekwisha kuichezea Uskoti, alivuka na kujiunga na Huddersfield, kisha mwaka wa 1954 akaiongoza timu ya muungano ya Uingereza kutwaa Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo wa wachezaji 13. Alikuwa mmoja tu kati ya wengi. Klabu kama Melrose haikuwa na cha kumzuia kijana isipokuwa mji wenyewe: familia, kazi, na jina lake kutajwa barabarani Jumatatu.

Wakuu wa raga jijini Edinburgh nao waliwatazama watu wa kusini kwa shaka. Ligi ziliogopwa kwa kuwa zilidhaniwa zingechochea ushindani uliopita kiasi na hatimaye malipo. Melrose, Gala, Hawick, Jed-Forest na Langholm hazikungoja ruhusa. Mwaka wa 1901 ziliunda Ligi ya Borders, inayotambuliwa kuwa ligi kongwe zaidi duniani katika raga ya wachezaji 15. Uskoti nzima ilisubiri hadi mwaka wa 1973 kupata ligi rasmi ya taifa.

KUTOKA GREENYARDS HADI NAIROBI

Kwa karibu miaka 40 raga ya wachezaji saba ilibaki zaidi desturi ya Borders. Iliyoifikisha kwenye uwanja mkubwa ni safari ya Waskoti waliohamia kwingine. Mmoja wao, Dkt J. A. Russell-Cargill, aliyeishi London, ndiye aliyesukuma kuanzishwa kwa mashindano ya Middlesex katika uwanja wa Twickenham mwaka wa 1926, nayo vilevile yalilenga kuchangisha fedha, safari hii kwa ajili ya hospitali. Mwaka wa 1973 chama cha Uskoti kilisherehekea miaka 100 kwa kualika mataifa kucheza mchezo huo Murrayfield, na Uingereza ikaibuka mshindi. Miaka mitatu baadaye yalizaliwa mashindano ya Hong Kong, na kuanzia hapo mchezo ulikuwa mali ya dunia.

Nchi zilizofaidika zaidi ni zile ambazo katika raga ya wachezaji 15 hukosa mafowadi wazito wa kutosha, fedha, au idadi ya wachezaji. Fiji ndiyo mfano mkuu, na Kenya inafuata njia hiyo. Mashindano ya Safari Sevens yalianzishwa Nairobi mwaka wa 1996. Kenya ilicheza Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kwa mara ya kwanza mwaka wa 2001 nchini Argentina, na mwaka wa 2009, chini ya kocha Benjamin Ayimba, iliwabwaga Fiji katika robo fainali kabla ya kuzimwa na Argentina. Ayimba huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha tarehe 17 Aprili, 2016, Shujaa walipoinyuka Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore na kutwaa taji lao la kwanza la duru ya dunia. Agosti ya mwaka huo mchezo wa Haig uliingia Olimpiki mjini Rio de Janeiro, na Kenya iliwakilishwa na timu ya wanaume na ya wanawake. Ayimba alifariki mwaka wa 2021.

Undugu na Melrose, hata hivyo, unaonekana zaidi katika ngazi ya klabu. Mashindano ya kitaifa ya raga ya wachezaji saba nchini huzunguka miji, na kila duru huwa na mwenyeji na jina lake: Prinsloo Sevens Nakuru, Driftwood Sevens Mombasa, Dala Sevens Kisumu, na Kabeberi Sevens ya klabu ya Mwamba. Wikendi ya mashindano ndiyo huujaza uwanja ambao mechi za ligi huuacha na nafasi tele. Kwa sadfa, Mwamba iliasisiwa mwaka wa 1977, miaka 100 kamili baada ya Melrose, nayo pia ilizaliwa kwa watu kutaka klabu iliyo yao.

MIAKA YA NEEMA

Haitakuwa haki kuidhania Melrose kuwa klabu ya siku moja ya Aprili. Katika raga ya wachezaji 15 imetoa wachezaji wa kimataifa kwa kiwango ambacho miji yenye wakazi mara 50 zaidi ingekionea fahari. Katika miaka ya 1960, David Chisholm na Eck Hastie, waliounganisha mafowadi na mabeki wa klabu hiyo, walifanya kazi hiyo hiyo wakiwa pamoja katika timu ya taifa. Frank Laidlaw aliitwa katika timu ya British and Irish Lions iliyozuru New Zealand mwaka wa 1966 na tena ile ya 1971.

Mtu aliyeacha alama kubwa zaidi ni Jim Telfer. Mwana wa mchungaji wa kondoo, alizaliwa mwaka wa 1940, akawa mwalimu wa kemia na baadaye mwalimu mkuu, huku akiichezea Melrose, Uskoti na Lions. Kama kocha aliiongoza Uskoti kushinda mechi zote za Mataifa Matano mwaka wa 1984, akawa msaidizi wa Ian McGeechan ushindi huo uliporudiwa mwaka wa 1990, na mwaka wa 1997 alikuwa kocha wa mafowadi wa Lions walioishinda Afrika Kusini. Alikuwa mkali. Mazoezi yake ya skramu yalisifika kwa kuchosha, na wachezaji wake hawakukubaliana daima kuhusu wakati ambao kiasi kilikuwa kimepitwa.

Telfer alirejea kuifunza klabu yake mwishoni mwa miaka ya 1980. Ligi ya taifa, tangu ianzishwe, ilikuwa imetawaliwa na majirani: Hawick walitwaa mataji matano ya kwanza mfululizo, kisha Gala na Kelso wakapata zamu zao. Melrose ilikuwa ikitazama tu. Mwaka wa 1990 ilitawazwa bingwa kwa mara ya kwanza, na ikaongeza mataji ya 1992, 1993, 1994, 1996 na 1997. Katika mwaka huo wa mwisho ilitwaa pia Kombe la Uskoti. Mataji sita katika misimu minane, kwa mji ambao wakazi wake wote wangeketi katika kona moja ya Murrayfield.

Waliojenga kikosi hicho walikuwa vijana wa huko huko. Craig Chalmers aliitwa timu ya taifa mwaka wa 1989 akiwa na umri wa miaka 20, na mwaka huo huo akaichezea Lions nchini Australia. Bryan Redpath aliendelea hadi akawa nahodha wa Uskoti. Doddie Weir, mtoto wa mkulima, mrefu aliyekimbia kwa namna isiyofanana na mtu mwingine uwanjani, alicheza mechi 61 za kimataifa katika safu ya pili ya skramu. Mashindano ya Aprili nayo yalikuwa yamepata sura ya kimataifa. Mwaka wa 1990 kikombe kilichukuliwa na Randwick ya Australia, wakiwa na David Campese, mmoja wa wachezaji mashuhuri zaidi wa kizazi chake.

FEDHA ZINAPOINGIA

Mnamo Agosti 1995 bodi ya kimataifa ya raga, ikikutana Paris, iliondoa marufuku ya malipo. Weir aliondoka mwaka huo huo kwenda Newcastle. Redpath alifuata njia ya klabu za kulipwa za Ufaransa na Uingereza, na Chalmers pia akaenda kutafuta riziki London. Hapakuwa na la kuwalaumu. Kazi waliyoifanya kwa ridhaa sasa ilikuwa na mshahara, na Melrose haikuwa na uwezo wa kuulipa.

Uskoti iliamua kwamba raga ya kulipwa isichezwe na klabu bali na timu za maeneo, na mwaka wa 1996 Borders ikapewa yake. Timu hiyo iliunganishwa na ile ya Edinburgh mwaka wa 1998, ikafufuliwa mwaka wa 2002, kisha ikafungwa kabisa mwaka wa 2007 kwa ukosefu wa fedha na watazamaji. Sababu ya pili inafaa kuelezwa. Ukimwomba mtu wa Hawick na mtu wa Gala washangilie timu moja, iwe imepiga kambi Galashiels au Hawick, unawaomba wasahau kitu ambacho raga yao yote imejengwa juu yake. Eneo lililoipa dunia mchezo wake likabaki bila timu ya kulipwa.

Melrose ilirudi ilikokuwa: kulea chipukizi, kuwapoteza, kulea wengine. Ilirudi vizuri. Chalmers alirejea akiwa kocha na kuipa ubingwa wa 2011 na 2012, kisha klabu ikatwaa taji la 2014, na la kumi mwaka wa 2018. Mwishoni mwa 2018 tayari ilikuwa imechaguliwa kuwa miongoni mwa klabu sita za mpango mpya wa chama cha Uskoti, ligi ya nusu-kulipwa iliyoanza mwaka wa 2019 ili kuziba pengo kati ya klabu za ridhaa na timu za kulipwa. Timu iliyocheza humo kutoka Greenyards iliitwa Southern Knights. Klabu iligawanyika sehemu mbili chini ya paa moja, wachezaji wake bora wakiwa na jezi nyingine, na Melrose ya ridhaa ikaondoka katika daraja ambalo ilikuwa bingwa wake.

Mpango huo ulivunjwa mwaka wa 2024, miaka mitano baada ya kuanza. Hii ilikuwa mara ya tatu, ukihesabu kufungwa kwa timu ya Borders mwaka wa 1998 na 2007, kwa watu wa eneo hilo kuona muundo wa kulipwa ukiletwa kutoka juu na kuondolewa kutoka juu.

Katikati ya mambo hayo mji ulimpoteza Doddie Weir. Mwaka wa 2017 alitangaza kwamba anaugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli na ambao hauna tiba, akaanzisha wakfu wa kuchangisha fedha za utafiti. Alifariki tarehe 26 Novemba, 2022, akiwa na umri wa miaka 52. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika Desemba katika kanisa la Melrose, lile ambalo mnara wake unatazamana na Greenyards.

Mashindano ya Aprili yalikatizwa na janga la korona mwaka wa 2020, yakarejea mwaka wa 2022. Reli iliyoleta umati wa 1883 ilifungwa mwaka wa 1969, na jengo la stesheni ya Melrose likabaki bila treni. Septemba 2015 njia mpya kutoka Edinburgh ilifunguliwa, lakini inakomea Tweedbank, kilomita chache kabla ya mji. Mashabiki wanaoshuka hapo siku ya mashindano humalizia safari kwa basi au kwa miguu kando ya mto, kisha hulipa kiingilio langoni.